Mgeni wa Kwanza wa Shirose

Shirose, 8 Septemba

Wifi yangu Chizuru,

Natumaini mguu umepungua uvimbe na duka lako la dobi linakwenda vizuri. Ningekupigia, lakini hupokei simu yoyote inayotoka Shirose, kwa hiyo nimeshika kalamu kama kawaida yetu.

Ndani ya bahasha kuna kipande cha gazeti la mkoa. Soma kichwa chake kabla hujakitupa: "Mgeni wa Kwanza Kushiriki Sherehe ya Shirose." Huyo mrefu aliyekenua katikati ya wazee ni Fergus, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, kutoka Nyuzilandi. Ana miezi kumi na minne hapa. Miezi! Nina chupa ya siki jikoni inayoijua Shirose kuliko yeye. Mwezi ujao atabeba mikoshi, lile sanduku la mungu wa hekalu, tena amepewa mpiko wa mbele kabisa, mahali ambapo mume wangu alisubiri miaka tisa kupata.

Mgeni wa kwanza. Sasa mimi nimekuwa nikifanya nini kwenye sherehe hiyo miaka kumi na saba? Kila Oktoba nafinyanga matonge mia sita ya wali, namenya magimbi mpaka viganja vinawasha, nawapandishia wanaume supu kwenye ngazi za hekalu, kisha naosha vikombe vyao vya pombe ya sake wao wakiwa wamelala chali. Huko si kushiriki. Inaonekana nilikuwa napita tu nikitokea kwetu Iloilo, Ufilipino, nikaona sufuria chafu, nikaingiwa na huruma.

Unakumbuka mwaka wangu wa nane nilimwomba Mzee Morishige, mkuu wa sherehe, koti la kubebea? Alicheka kwa adabu mpaka macho yakapotea. "Mama Marivic," akasema, "wewe ni mgeni wetu. Mgeni habebeshwi mzigo." Halafu akanipa makreti mawili ya bia nipandishe juu.

Na huyo Fergus wanavyomshangilia! Juzi alishika punje ya maharage kwa vijiti, wanawake wote jikoni wakapiga makofi: "Anaweza! Anaweza!" Mimi nimekula kwa vijiti tangu siku niliyoolewa na sijapigiwa kofi hata moja. Kitu kimoja tu kinanifariji. Wanaume wanamwita "Mlingoti" kwa lahaja ya kwetu ya milimani, kisha wanapasuka mbavu, naye anadhani ni sifa. Alikuja kuniuliza maana yake. Nikamwambia, "Ni mtu shujaa." Alifurahi, maskini.

Nilimwonyesha mdogo wako gazeti. Tetsuya akasema "mm", akageuza samaki wake upande wa pili.

Wako,
Marivic


Osaka, 14 Septemba

Marivic,

Gazeti lako nimelisoma, kisha nikalisokomeza kwenye viatu vya mteja vilivyolowa. Usinitumie tena picha ya Morishige. Ujanani alikuwa na shingo, sasa amebaki na kichwa kilichowekwa juu ya koti.

Hebu niambie, unalilia nini hasa? Unalilia kubeba lile sanduku? Wanaume ishirini na wanne wenye harufu ya sake na jasho wanalizungusha sanduku la kilo mia nne mjini, wanalirudisha pale pale walipolitoa, kisha wanalia na kukumbatiana kana kwamba wamerudi vitani. Ndilo jambo unalolionea wivu? Mimi nikiwa na mteja anayebeba kitu mzunguko mzima na kukirudisha mahali pake, namwambia akapumzike.

Unasema hawakuhesabu. Nani alikuambia watakuhesabu? Mwaka ule uliponiandikia barua ya kwanza, ya kunishukuru kwa lile jiko la wali nililowatumia badala ya kuja harusini, nilikujibu wazi: mji huo una kumbukumbu ndefu kwa makosa na fupi kwa jasho. Ukanijibu eti nina uchungu, eti watu wamebadilika. Haya, wamebadilika. Wamenunua mgeni mpya.

Huyo Mlingoti wako usimchukie, hana akili ya kukudhuru. Wanampenda kwa sababu ataondoka. Wewe ulifanya kosa moja kubwa, ulibaki.

Na mdogo wangu akisema "mm", jua kwamba ndiyo hotuba yake ya mwaka. Ukingoja nyingine utazeeka.

Usiniandikie tena habari za sherehe. Niandikie habari za mvua.

Chizuru


Shirose, 25 Septemba

Wifi Chizuru,

Mvua imenyesha siku tatu. Haya, nimekutimizia. Sasa sikiliza.

Jana mchana Mzee Morishige alikuja nyumbani. Alivaa tai, kwa hiyo nikajua kuna msiba au kuna ombi. Akakaa, akanywa chai, akasifu vigae vya paa letu ambavyo Tetsuya aliviweka mwaka juzi na yeye hajawahi kuvitazama. Kisha akafungua kifurushi. Koti la sherehe. Jipya, la samawati, lina jina la mtaa wetu mgongoni.

"Mama Marivic," akasema, "mwaka huu tungependa utusaidie kubeba."

Moyo uliruka, siwezi kukudanganya. Miaka kumi na saba, halafu kitu kiko mezani pangu kando ya sahani ya mihogo iliyobaki. Nikamuuliza, "Wanawake wameruhusiwa?"

Akajikuna sikio. "Si wanawake hasa. Ni kwamba watu wa televisheni wanakuja. Fergus peke yake anaonekana kama... kama jambo la bahati tu. Wakiwa wawili, inakuwa sura ya kimataifa."

"Kwa hiyo mimi ni mgeni wa pili."

"Eh, ndiyo!" akasema kwa furaha, kana kwamba nimemsaidia kupata neno alilolitafuta. "Wa pili! Na pia tumepungukiwa mabega. Tukikosa watu tutaipakia kwenye pikapu kama wale wa mji wa jirani, na aibu ile, afadhali kufa."

Unaona nafasi yangu ilivyo? Niko juu kidogo ya pikapu.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye jiko la hekalu, nimevimba kichwa, nikawaambia wanawake wenzangu kwamba sitavaa koti hilo mpaka nao wavalishwe, maana kama ni jasho tumetoka wote. Nilidhani watalia. Mama Fusae, unamjua, yule mkuu wa jiko mwenye sauti ya bati, hakuinua hata kichwa kutoka kwenye magimbi.

"Sisi tubebe? Una wazimu? Magoti haya?"

"Lakini ni haki yetu, mama."

"Haki yangu ni kukaa chini. Wewe unataka kubeba, nenda kabebe. Usitufanye sisi kisingizio chako. Na ukienda, nani atafinyanga yale matonge mia sita?"

Wakacheka wote. Kwa hiyo hata maandamano yangu yalikufa kabla hayajatoka mlangoni.

Tetsuya ameliangalia koti, akalikunja vizuri, akaliweka kabatini. Alikaa muda mrefu mbele ya kabati. Nilimuuliza anaonaje. Akasema atakwenda kuangalia paa la Mama Fusae, linavuja.

Nafikiri nitamrudishia Morishige koti lake limefungiwa ndani samaki mbichi. Unasemaje?

Marivic


Osaka, 1 Oktoba

Marivic,

Lichukue. Libebe.

Najua nilivyosema mara ya mwisho, usinikumbushe. Sanduku ni sanduku na Morishige ni mjinga. Amekuita kwa sababu ya kijinga, kwa ajili ya watu wajinga wenye kamera. Wewe beba. Sababu yao ni yao, bega ni lako. Kiburi chako kihifadhi, utakihitaji jioni mwili ukianza kuuma.

Sasa sikiliza, maana hawatakuambia, wanaume hawaambiani. Tumia bega la kushoto, na ukae upande wa kulia, mpiko wa nyuma, nafasi ya tatu. Mbele kuna kamera na fujo, wanaruka-ruka. Nyuma ndiko uzito ulipo na hakuna anayekutazama. Kunja taulo mara nne, si mara mbili, ulishone ndani ya koti ili lisiteleze. Usile tangu asubuhi. Viatu vya kitambaa chukua namba ndogo kuliko yako, vikilowa vitatanuka. Usiutazame mpiko, tazama kisogo cha aliye mbele yako, yeye akishuka shuka, akipanda panda. Ukipumua mdomo wazi utazirai kwenye mteremko wa posta.

Na ukifika darajani, usisimame. Hapo huwa wanasimama kunywa. Watakuambia pumzika. Usipumzike, usitoe bega, usivue kitu chochote kichwani, vuka mpaka ng'ambo.

Baada ya hapo fanya unavyotaka. Mtapikie Morishige viatuni kama nafasi itapatikana.

Chizuru


Shirose, 13 Oktoba

Wifi Chizuru,

Naandika kwa mkono wa kulia kwa sababu wa kushoto hauinuki. Bega limevimba kama mkate. Nimebeba.

Nianze na ubaya, maana ni mwingi. Inanuka. Hakuna aliyeniambia kwamba sherehe takatifu ina harufu ya soksi. Mtu aliyekuwa mbele yangu, mwenye duka la dawa, ana jipu shingoni, na kwa saa tatu jipu hilo ndilo lililokuwa utalii wangu wote. Nilikaa pale pale uliposema, nyuma, nafasi ya tatu. Morishige alikuja mbio: "Mbele, mama! Kamera iko mbele!" Nikajifanya sijui Kijapani. Mara moja katika miaka kumi na saba, imenifaa.

Fergus naye, loo. Kumbe urefu ni adhabu. Wenzake wote wanamfikia kifuani, kwa hiyo akisimama wima anabeba uzito wa watu watatu, na akiinama habebi kitu. Walimpigia kelele njia nzima, "Mlingoti, inama! Mlingoti, nyanyuka!" Mwisho wakamhamishia nyuma, kando yangu. Koti lake lilikuwa na damu begani. Tulipokuwa tunapanda mteremko wa posta nikamsikia anasema, kwa Kijapani safi kabisa, "Najua maana ya Mlingoti."

Nikalikazia macho jipu.

"Nilijua tangu mwezi wa pili," akasema. "Nilikuuliza wewe kwa sababu nilidhani wewe ndiye utakayeniambia ukweli."

Miaka yote nawadharau watu wanaomchekea mgeni usoni, halafu mgeni alipokuja kwangu nikamchekea usoni. Nilimchukia zaidi kwa kunionyesha hilo. Nikampa kitambaa changu akaweka begani, kisha nikaendelea kumchukia.

Mwandishi wa televisheni, binti mwenye kucha ndefu, akatukimbilia na kipaza sauti. "Wageni wawili, sogeleaneni! Mnajisikiaje?"

Nikamjibu kwa lafudhi ya mlimani, ile nzito ya Mama Fusae: "Mgeni ni huyu. Mimi mke wa fundi vigae wa mtaa wa chini. Toka njiani, mtoto, utapondwa." Mwenye jipu alicheka mpaka mikoshi ikayumba. Lakini jioni kwenye televisheni walinionyesha sekunde tatu bila sauti, na chini wakaandika: "Marafiki wa kigeni wafurahia utamaduni wetu." Nilizima, nikaiwasha tena ili niizime vizuri zaidi.

Darajani walisimama, kama ulivyosema. Wakaiegemeza mikoshi juu ya vigogo, wakatoa sake. Wote walitoka. Mimi sikutoka. Nilibaki chini ya mpiko peke yangu kama mbuzi aliyefungwa, nimeinama, taulo kichwani. Morishige akasema, "Mama, pumzika, ni desturi." Nikasema, "Pumzikeni nyie." Na hapo, wifi, likatokea jambo. Wale wazee watatu au wanne wa rika lake waliacha kunywa. Walinitazama, wakatazamana. Mmoja akaweka kikombe chini. Morishige uso ulimshuka, akageukia mtoni. Hakuna aliyenicheka. Tetsuya alikuwa upande wa pili wa mikoshi. Yeye alirudi chini ya mpiko wake, akasimama hivyo hivyo ameinama mpaka wengine walipomaliza.

Tukavuka. Ng'ambo nililia, na sijui kwa nini, maana ni sanduku tu, ulisema kweli.

Mama Fusae aliponiona hekaluni akasema, "Matonge yalipungua mia moja kwa sababu yako." Kisha akanibandika dawa ya bega, kwa nguvu, kama mtu anayepiga muhuri.

Sasa nijibu. Ulijuaje kuhusu nafasi ya tatu? Ulijuaje kuhusu taulo na namba za viatu? Wazee wale walimwona nani pale darajani? Nilimuuliza Tetsuya. Akachukua ngazi akaenda kukagua paa, na mvua ilikuwa inanyesha.

Marivic


Osaka, 19 Oktoba

Marivic,

Uliuliza, basi kaa chini.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Binamu yetu alivunjika mguu siku mbili kabla ya sherehe, nafasi ya tatu nyuma ikawa wazi, na baba akasema mtaa wa chini utaaibika. Mimi nilikuwa na nguvu kuliko binamu. Nilikuwa nampandishia baba vigae juu ya paa tangu nikiwa na miaka kumi na mbili. Nikajifunga kifua kwa kitambaa, nikavaa koti la Tetsuya, nikafunika kichwa kwa taulo mpaka machoni. Asubuhi ile kulikuwa na ukungu, na nusu yao walikuwa wameshalewa. Nikabeba. Kutoka hekaluni mpaka darajani, Marivic, sikukosea hatua hata moja. Uzito ule ulikuwa kitu kizuri kuliko vyote vilivyowahi kuwekwa juu yangu. Nilikuandikia kwamba ni sanduku. Nilisema uongo.

Darajani baba alinijia moja kwa moja. Hakutafuta, alijua nilipo. Akanivua taulo mbele ya wote. Sikupigwa. Ningependelea kupigwa. Waliniondoa pembeni, wakaleta chumvi na sake, wakausugua mpiko pale bega langu lilipokuwa, wakausugua tena, ili mungu asinuse mwanamke. Morishige alikuwa na miaka ishirini na mbili. Alikuwa amemtuma mjomba wake kwetu kuniposa. Yeye ndiye aliyemimina sake. Baba akasema, "Leo sina binti," nikapanda treni ya asubuhi iliyofuata. Sikurudi hata kumzika.

Wewe hawakukutia chumvi. Nilikaa mbele ya televisheni ile jioni nikingoja nione. Sekunde tatu, unasema? Mimi nilihesabu nne. Nikajua wamesahau, au wanajifanya, na sijui lipi ni baya zaidi. Mpiko ule ule! Kwa ajili ya kamera mungu wao amepoteza pua.

Unajua kwa nini nilikuambia ubebe? Si kwa upendo, usijidanganye. Nilitaka bega moja la nyumba yetu, la mwanamke, livuke daraja lile na wale wazee walione likivuka.

Lakini kuna jambo moja sijawahi kulisema. Koti lilikuwa la Tetsuya. Yeye peke yake alijua. Alikuwa na miaka kumi na mitano, nilimlea mgongoni baada ya mama kufa. Miaka thelathini na minane sijamuuliza, na yeye hajasema. Amekaa huko juu ya mapaa yake akisema "mm". Umeolewa na huyo.

Chizuru


Shirose, 4 Novemba

Wifi Chizuru,

Barua yako niliisoma kwa sauti wakati wa kula. Nilimsomea yote, mpaka ile "mm". Samaki akapoa.

Sikumfokea. Nilimwambia sitapika, sitafua na sitasema naye mpaka akuandikie, na kwamba mimi nimetoka nchi ya wanawake wanaoweza kununa mwaka mzima. Ilimchukua siku tisa. Alikula tambi za pakiti. Amechana karatasi nyingi sana, nyingine nimeokota kwenye mkebe wa misumari. Hii ndiyo iliyobaki. Sijaisahihisha neno.

Nilimwendea pia Fergus nikamwomba radhi. Akasema hakuna shida. Kuna shida, lakini ndivyo alivyosema. Anaondoka Machi.

Marivic


Dada Chizuru,

Mimi si mtu wa kuandika.

Baba aliniuliza koti langu liko wapi. Nikamwambia. Sikujua angefanya vile. Hapana. Nilijua. Nilikuwa na wivu. Mimi ndiye niliyekuwa mwanamume wa nyumba na wewe ndiye uliyekuwa na nguvu.

Bakuli la chumvi walinipa mimi nishike. Hilo hukuliona, ulikuwa umeinamisha kichwa. Nililishika mpaka mwisho.

Kila mwaka nikibeba napita hapo. Marivic alipoomba koti ule mwaka wa nane nilinyamaza, niliogopa watamfanyia vile vile na mimi nitashika bakuli tena.

Siombi kitu. Paa la nyumba ya baba nimelibadilisha lote. Chumba chako hakivuji.

Tetsuya


Osaka, 9 Novemba

Marivic,

Barua ya mumeo imefika. Mwandiko wake ni kama kuku aliyekanyaga lami, na karatasi ina harufu ya gundi ya vigae. Nimefunga duka mapema ili niisome. Wateja wamegonga, wamekwenda zao.

Amekosea jina langu. Ameliandika kwa herufi inayosomeka hivyo hivyo lakini si yangu, tena hapo juu kabisa, mahali ambapo mtu yeyote mwenye macho angeona. Dada wa mtu, tumbo moja, na hajui anaandikwaje!

Mwambie siipokei hivyo. Aandike upya. Yote, kuanzia mwanzo, na safari hii aandike kirefu.

Chizuru